Fomu ya Kukabidhi Chumba 217

Bwana Gyárfás amekuja na kalamu iliyofungwa uzi,
anasoma kwa sauti, mimi naitikia.
Vitanda, viwili. Vipo.
Magodoro, mawili. Yapo.
Viti, viwili. Kipo kimoja;
cha pili kiko jikoni, ghorofa ya tatu, kina mguu wa bandia.
Anaandika.
Nje, Szeged inanuka mvua ya Juni na lami,
na wenzangu wanashusha masanduku kwa vishindo
kinyume cha kanuni ya kumi na moja.

Kanuni ziko mlangoni tangu Septemba,
ishirini na tisa, chini yake muhuri wa chuo.
Ya sita ni ya wageni: waache kitambulisho kwa bawabu,
waondoke kabla ya saa nne usiku,
wasikohoe, nadhani, ingawa hilo halikuandikwa.
Ya kumi na nne Hajnalka aliisoma siku ya kwanza
hata koti hajalivua:
*Ni marufuku kupikia chumbani kwa kifaa chochote
kilichoundwa kwa ajili ya kupikia.*
Akairudia. Akacheka.
Akafungua sanduku akatoa pasi.

Pasi, nawaambieni!
Akaigeuza chali, akaibana kwa vitabu viwili vya anatomia,
akalaza mkate, akalaza jibini,
na juu ya jibini soseji ya kwao, nyekundu kwa paprika,
ikatoa jasho taratibu.
King'ora cha moshi tulikivika kofia ya kuogea.
Penye moshi pana moto, husema watu;
kwa Bwana Gyárfás penye moshi pana barua,
na barua ya tatu ni wewe na mkoba wako barabarani.

Tulikula hivyo majira yote ya baridi.
Usiku, saa za ukimya, alizungumza na baba yake
chini ya blanketi, kwa mnong'ono, habari za nyuki:
mizinga mingapi imepona, sukari imepanda bei,
umekunywa dawa, baba? Umekunywa kweli?

Kanuni ya ishirini na mbili:
anayehama kabla ya muhula kwisha
atoe taarifa siku thelathini kabla.
Baba yake hakutoa taarifa.
Simu ililia Februari, saa nane na nusu usiku,
Hajnalka akaweka chini alichoshika ili aipokee,
na alichoshika kilikuwa pasi.

Tangu hapo kitambaa cha mezani hakijaondoka,
maua ya bluu, niliyanunua kwa haraka.

Meza, moja, anasoma Bwana Gyárfás.
Ipo, nasema.
Anainua kitambaa kwa ncha ya kalamu.
Alama iko pale, nyeusi, ncha yake ikielekea dirishani.
Anaigusa kwa kiganja, kama anayepima homa.
Pasi, anasema.
Ndiyo.
Ya nani?

Fomu ina majina mawili, la kwanza la Hajnalka,
ningeweza kulinyooshea kidole tu.
Yangu, nasema.

Ananitazama juu ya miwani.
Anajua. Yeye ndiye aliyemfungulia mlango usiku ule,
kinyume cha kanuni yake ya nne,
akambebea sanduku hadi kwenye teksi
akiwa na kandambili thelujini.
Nangoja aseme neno la usiku ule.
Anasema: Forinti elfu tisa.

Nahesabu noti, mbili za mwisho zimekunjwa mara nne.
Ananikatia risiti, anagonga muhuri,
anapuliza wino ukauke.

*Meza. Alama moja. Imelipiwa.*

Naikunja naitia pochini.
Bwana Gyárfás anarudisha kitambaa, anakinyoosha pembe zake,
kisha anakumbuka kuwa kitambaa si mali ya chuo,
anakikunja, ananipa.
King'ora, moja, anasoma,
na wote wawili tunatazama juu
ile kofia ya kuogea.