Takwimu za Saa Nne

Jumatano, saa nne asubuhi, Istanbul:
takwimu za watazamaji zinamfikia Nurhayat
kabla ya chai.
Jana usiku alimzika Rüstem, mwoka mikate,
kwa mvua ya mpira wa bomba
na jeneza la mbao nyepesi.
Alama zimeporomoka.
Kayseri wamezima runinga.
Ijumaa posta inaleta kitambaa cheusi,
kibandiko cha bei hakijabanduliwa.

“Mfufue,” anasema mtayarishaji.
“Nimeshamfukia.”
“Fukua.”

Basi anaandika: maiti ilikuwa ya pacha.
Kule Izmir mwigizaji ameshanyoa ndevu;
watambandika za bandia.

Jumanne, kipindi kikiisha, mama anapiga simu,
analia kwa furaha.
“Nilijua hakufa, mwanangu.”
Kimya. Kijiko kinagonga kikombe.
“Na baba yako, je?
Yeye huwezi kumwandika?”