Swala Wanne wa Shilingi Mia

Nusu ya kazi yangu ni sarafu.
Gongo la Mboto, uchochoro wa nyuma ya reli,
napiga hodi, nakalishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa,
naanza kama alivyotufundisha Dokta Rugaimukamu:
"Siri yako siitaki, mama.
Geukia ukutani. Rusha. Nisione.
Kikija kichwa, sema ndiyo, hata kama hujawahi kuionja.
Wakija swala, sema kweli:
mwezi huu, nyamapori imeingia humu ndani?"

Basi ndiyo ya sarafu na ndiyo ya mlaji
zinatoka mlangoni zimevaa doti moja,
mgambo hajui amkamate nani.

Jioni, Mlimani, tunazivua.
Kaya mia. Ndiyo sabini na moja.
Toa hamsini, hizo sarafu imejisemea.
Zinabaki ishirini na moja katika hamsini.
Dokta anapuliza vumbi la chaki, anazidisha:
kilo kwa sufuria, sufuria kwa mtaa,
mtaa kwa magunia ya mkaa yashukayo alfajiri,
mkaa juu, mkaa chini,
katikati paja limeviringishwa kwenye mfuko wa saruji,
mpaka tunamfikia funo mmoja, bado yu hai,
na swali lake: kwa mwaka anazaa wangapi?
Mmoja.
Feni inazunguka. Hakuna anayefuta ubao.

Kamera zetu, msitu wa Pugu, usiku tisini:
ngedere, mbwa wa mtu,
mwanamke na kuni zake akichungulia kioo,
na majani, majani,
yakitikisika bila mwenyewe.

Nyumba ya mia na moja, Bi Sikudhani Pazi.
Hakugeukia ukutani. Sarafu aliifumbata tu.
"Marehemu alikuwa anatega. Waya za klachi ya pikipiki.
Mitego arobaini, anaizungukia kila siku ya tatu.
Akishikwa na homa, wiki.
Aliyemkuta mzima, huyo mnakuja kumhesabu sufuriani kwangu.
Aliyeoza je?
Aliyekata waya akaenda zake na miguu mitatu?
Huyo, mwanangu, unamwandika nyumba ya nani?"

Niliitazama fomu. Nikaigeuza.
Nyuma kulikuwa kweupe.

Wala hakusema ndiyo, wala hapana.
Mjukuu aliichomoa sarafu kiganjani mwake, mbio kwa Mangi,
akarudi na ulimi mwekundu wa ubuyu.
Swala wanne wamezama kwenye kopo la chenji,
nami natoka nikidaiwa shilingi mia na ofisi,
pembeni mwa karatasi nimeandika kwa penseli
*waliooza*,
nukta mbili,
kisha nikaacha nafasi, sikujua ya tarakimu ngapi.