Sifuri Iko Katikati

Bwana Kalju wa ghorofa ya chini ana ufagio,
na ufagio wake unajua saa kuliko mimi.
Saa tisa za usiku, nikitoka zamu ya kiwanda cha mkate,
vidole bado vinanuka hamira,
nikiweka santuri, hata kwa sauti ya kunong'ona,
ngo, ngo, ngo:
dari yake, sakafu yangu.

Ndipo nikaamua kuunda amplifaya ndogo ya kusikilizia masikioni,
isikike na masikio mawili tu
na yote mawili yawe yangu.

Betri moja, volti tisa. Nikafunga, nikasikiliza.
Selo ikatoka imekatwa kiuno.
Kumbe sauti haipandi tu;
hupanda ikashuka, huvuta ikasukuma,
na mtambo wangu ulijua kupanda peke yake,
kama mtu aliyefundishwa kuvuta pumzi
wakasahau kumfundisha kuitoa.

Nikaleta betri ya pili. Nikaziunga mkia kwa kichwa,
na pale zilipokutana nikapaita ardhi.
Nukta ile ile:
kwa huyu mkia, kwa yule kichwa,
kwangu mimi sifuri.
Juu yake tisa, chini yake tisa.
Wiki mbili nilikuwa tajiri.
Kisha betri moja ikachoka kabla ya mwenzake
(nimeziona ndoa za namna hiyo)
na selo ikaanza kuchechemea.

Jumamosi, soko la vikuukuu nyuma ya stesheni ya Tartu,
theluji imekwisha kuwa tope.
Hilve anauza vijiko, medali za watu asiowajua,
na transfoma, zimepangwa juu ya blanketi kama viazi.
"Upande wa kutolea ina nyaya ngapi?"
"Tatu. Ya kati ni ya njano. Usiniulize ya nini."
Sikumwuliza. Ya kati ndiyo niliyoifuata.
Alitaka euro sita.
Nikampa tano na mkate mweusi wa jana.

Dayodi nne, kapasita nne,
na ndugu wawili wa kutuliza volti,
mmoja wa chanya, mmoja wa hasi:
kanzu nyeusi sawasawa, miguu mitatu sawasawa.
Nikawafunga sawasawa.
Usilolijua ni usiku wa giza,
nami nilikuwa nimezima hata taa ya mezani.
Yule wa hasi huanza na ardhi,
umeme huuingiza kwa mguu wa kati.
Alinieleza hayo kwa moshi.

Nikamngojea ndugu mwingine siku tisa.
Safari hii nilisoma, nikachora, nikanywa chai, nikasoma tena.
Kapasita za upande wa hasi
chanya yake hutazama ardhini:
kule kwenye deni, hata sifuri ni tajiri.

Mita ikasema kumi na tano.
Nikahamisha ncha. Kumi na tano, na kistari mbele.
Nilikikodolea macho kile kistari
kama barua kutoka kwa mtu niliyemkosea.

Nikavaa vipokezi. Nikashusha sindano.
Ile selo, jamani, ilikuwa na tumbo.
Ilishuka hadi mahali ambapo miaka yote
nilidhani hapana kitu, ni sakafu,
ikakaa huko, ikapumua, ikarudi bila haraka.

Ngo, ngo, ngo.

Nikavua. Chumba kimya, hata jokofu limenyamaza.
Nikateremka na soksi zangu.
Bwana Kalju mlangoni, sweta limegeuzwa ndani nje,
ufagio mkononi.
"Siku ngapi sikusikii. Nilidhani umekufa."
"Nilinunua raha yako," nikamwambia.
"Nani alikutuma?" akasema.
"Nisipopata wa kumkaripia, silali."

Leo nimetoboa tundu la pili ubavuni mwa boksi.
Hilve ana waya wa mita nane, umefungwa fundo katikati.
Anataka euro nne. Mkate, anasema,
wa safari hii uwe wa leo.