Kufuli Tatu za Kemunto

Nilitafuta jina lako, Kemunto, kwenye seva ya funguo,
saa saba usiku, Pangani, stima imerudi punde.
Mara mbili seva ilinyamaza. Mara ya tatu ikanijibu
kwa ukarimu wa muuza mitumba:
hizi hapa tatu, chagua.

Zote zina jina lako. Zote zina barua pepe yako.
Moja ni ya mwaka uliomaliza chuo,
uliyosahau nywila yake ukaniambia huku ukicheka,
kama mtu aliyeangusha ufunguo chooni.
Ya pili siijui.
Ya tatu iliwekwa Jumanne iliyopita, saa tisa usiku,
na wewe saa tisa usiku hulala fofofo,
hata king'ora cha benki hakikuamshi.

Nani aliiweka? Seva haiulizi.
Seva ni ukuta wa Gikomba:
mwenye gundi hubandika,
wa kubandua hayupo.
Muthengi tulimzika Lang'ata mwaka juzi;
bado yumo, halali kwa miaka mingine mitano,
tayari kupokea siri.

Hata fundi Ochola wa Barabara ya Kirinyaga,
anayechonga funguo chini ya mwavuli uliochanika,
humuuliza mteja, "Mlango ni wako?"
Anajua mtu aweza kudanganya.
Lakini huuliza,
na hukutazama usoni akipuliza vumbi la shaba.

Nina kurasa sitini hapa, hesabu za mabomba ya Mukuru
yaliyolipiwa mara mbili na hayajawahi kuonja maji.
Nikizifunga kwa kufuli isiyo yako
nimempelekea mwizi ngawira hadi mlangoni.

Basi nikapiga simu.
Ukapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.
Usinisalimu, nikasema, nisomee alama.
Ukaanza, tarakimu na herufi arobaini, nne nne,
nami kidole kwenye kioo, nikifuata
kama mtoto anayejifunza kusoma.
Sifuri bado unaiita yai,
kwa heshima ya mayai tuliyookota
sote wawili kwenye mtihani wa hesabu, kidato cha pili.
Hapo nikajua ni wewe.
Hilo halikuandikwa kwenye seva yoyote.

Nikafika mwisho. Nikarudia safu ya mwisho, polepole.

Ilikuwa ya tatu.

Kemunto,
tangu lini hulali?