Doti

Bwana Taherali wa Mtaa wa Biashara
hajapata kumkatia mteja kipande kimoja cha kanga.
"Kanga ni doti," husema. "Ukitaka nusu,
kamtafute mwenzio, mje wawili."

Basi tulipomwendea kwa ajili ya tangi la zahanati,
mimi na daftari langu la kurasa thelathini na mbili,
hakutoa bahasha.
"Leteni shilingi za Mishomoroni," akasema.
"Kila itakayofika nitaiwekea ya pili yake,
mpaka Ijumaa, saa ya kufunga duka.
Isiyofika, sina pa kuishonea."

Tuliudhika, nisiseme uongo.
Mwenye nacho si angetoa tu, yakaisha?
Wajawazito walikuwa bado wanakuja kujifungua
na mtungi wa lita ishirini
kama watu wanaohama nyumba.

Jumatatu usiku simu yangu ikaanza kutetemeka.
Mia ya Mwanaidi mshona mapazia: mia mbili.
Thelathini za watoto wa madrasa,
sarafu nyekundu kwa rangi ya ubuyu: sitini.
Okumu kinyozi alituma mia mbili saa nane za usiku,
kisha akatuma kumi, bila salamu,
nadhani usingizi ulimkataa.
Mtu nisiyemjua akatuma kumi na moja.
Kumi na moja! Niliikagua mara mbili.
Nayo ikapata mwenzake.

Nikaona jambo ambalo hesabu ya shule haikunifunza:
shilingi huona haya kutoka peke yake.
Ikijua inangojwa mlangoni
inavaa viatu.

Kutoa ni moyo, twaambiana tangu utotoni,
lakini moyo hauna risiti,
na mweka hazina ni mimi.

Jumatano akaja Nyevu wa viazi karai,
unga wa manjano ungali vidoleni.
"Pesa sina. Andika Jumamosi yangu.
Nitasugua wodi ya wazazi, kigae kwa kigae."
Nilitafuta safu ya Jumamosi daftarini. Hakuna.
Nikampigia Bwana Taherali:
Jumamosi moja ni shilingi ngapi?
Akanyamaza. Nilisikia feni ya dukani ikizunguka.

Na Ijumaa, zikiwa zimebaki dakika kumi na kitu,
Karisa akasimamisha mkokoteni wake wa maji,
mitungi kumi na miwili, zahanati ndiyo mteja wake mkubwa.
Akanyoosha noti ya hamsini iliyolowa.
"Tangi likija, mimi hapa sina biashara," akasema.
"Ila dada yangu alizalia humu
na maji yakakatika katikati. Andika, mama,
kabla sijabadili nia."
Nikaandika. Hamsini, na hamsini.

Jumamosi, saa mbili asubuhi,
tuktuk ikamshusha Bwana Taherali,
kofia yake ya uzi wa dhahabu kichwani,
suruali imekunjwa hadi magotini,
ndoo mpya, bei yake ingali imebandikwa.
Alisugua vibaya mno.
Nyevu alimfuata nyuma akirudia kila kigae
wala hakumwambia.

Tangi lipo sasa, jeusi, juu ya dari.
Ukifungua bomba wodini linakohoa kidogo, kisha linatoa.
Watu husimama kulitazama
kama bibi harusi.

Karisa siku hizi anasukuma hadi Bombolulu.
Jana tulipishana. Alinipungia mkono mmoja,
wa pili haukuweza kuachia mkokoteni.

Nimerudi kwenye daftari, ukurasa wa mwisho.
Chini ya hamsini zake nimeandika:
mitungi kumi na miwili, kila siku.
Upande wa pili ni mweupe.
Hicho kingali kipande, hakijawa doti.
Nimekunja ukurasa pembeni, nisipapoteze.