Mia na Tisini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, El Alto, baridi ya kung'oa kucha,
nami nipo mbele ya mashine ya benki,
glavu nimeiuma kwa meno, kidole kinatafuta namba.
Mashine inanitajia kama mhudumu wa mgahawa:
mia mbili? mia nne? elfu moja?
Nabonyeza *kiasi kingine*.
Moja. Tisa. Sifuri.

Nyuma yangu kijana mwenye kofia ya sufu anaguna:
"Dada, si uchukue mia mbili uondoke?"
Simjibu. Angekuwa baba, angemjibu.

Baba, Fermín Quisbert, mlinzi wa usiku wa ghala la saruji,
hakuvuka darasa la nne,
lakini tabia za mashine alizijua.
Ukiiomba mia mbili, alisema, inakutupia karatasi moja,
na karatasi moja ni jiwe, hulitafuni.
Iombe pungufu.
Itanuna, itakoroma tumboni,
kisha itatapika mia, hamsini, ishirini, ishirini.
Kumi uliyoiacha haijapotea. Imelala tu.

Siku ya mshahara alirudi mifuko imevimba,
mama akimcheka: leo umeiba sadaka ya padri?
Alizinyoosha noti kitandani kwa kiganja,
akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Mtaa mzima ulilijua kopo lile.
Muuza uji wa mahindi aliyekabidhiwa noti kubwa na mteja wa kwanza,
fundi viatu, mwalimu Hortensia,
hata yule jirani tuliyegombana naye kuhusu bomba,
wote waligonga dirisha letu:
"Don Fermín, nivunjie."
Naye akavunja. Hakukata hata senti.
Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo kazi yake,
kwamba usiku kule ghalani alivunja pesa kwa nyundo.

Tulimzika Jumanne.
Jumatano, kabla ya kengele ya shule, dirisha likagongwa.
Bi Saturnina, sinia la mikate begani, mia mbili mkononi:
"Baba yako ameamka? Nataka chenji."

Kisha akakumbuka.

Akaitazama ile noti kana kwamba ndiyo iliyomtuma.
Tulisimama hivyo, yeye nje, mimi ndani,
mikate ikipoa.
Nikalishusha kopo, nisijue la kufanya kwa mikono yangu.
Hospitali ilikwisha kulipakua:
sarafu saba, na kifungo cha koti.

Kwa hiyo subiri kidogo, kijana.
Mashine inakoroma.
Mia, hamsini, ishirini, ishirini.
Nazikunja, bado zina joto la tumbo lake.
Kadi narudisha ndani.

Moja. Tisa. Sifuri.