Safu ya Kabla

Fomu ina safu tatu: kabla, tendo, baada.
Ya kati imejaa hadi pambizoni, wino mweusi, wino wa buluu,
miandiko ya watu waliokwisha kuacha kazi:
Gethin kapiga ukuta. Gethin kavunja kikombe.
Gethin kamuuma Bronwen mkono,
na, mara nyingi zaidi, kajiuma mwenyewe.
Ya mwisho haikosi neno: kapelekwa chumbani,
kaongezewa kidonge, kanyimwa matembezi.
Ile ya kwanza ina neno moja tu,
nimelihesabu mara sitini na tatu:
hakuna.

Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa.
Lakini hapa Wrexham mawingu ndiyo dari,
ukiyaamini utalala na mwavuli.
Nikavuta kiti nijifunze lipi ni la mvua.

Wiki tatu, daftari, chai inayopoa.
Mtu wa miaka arobaini na sita, mabega ya babu yake mchimba makaa,
hasemi, na ana kopo la biskuti lililojaa vifungo
anavyovipanga dirishani kwa rangi
nisizozijua majina.
(Kwetu kifungo ni cha shati, na ni cha jela.
Sikumwambia mtu. Nani angecheka?)

Saa tisa kasorobo, shwari.
Saa tisa kamili zamu hubadilishana.
Siku ya tisa nikasikia. Sikuona, nilisikia:
funguo.
Bronwen anazisaka mkobani, Tudur anazizungusha kidoleni,
makoti yanatoka misumarini,
na Gethin kaacha kifungo hewani, hakiweki.
Kidole gumba kinapanda taratibu kuelekea menoni.
Wingu lenyewe ni hilo.

Nikampigia dada yake, Eirlys, aliyeko Rhyl.
Alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.
“Baba alikuwa mlinzi wa ghala,” akasema.
“Funguo zake ulizisikia tangu kona ya barabara.
Siku ile alivaa koti, akazitikisa, akamwambia: ngoja hapa.”
Hapa palikuwa korido ya hospitali.
Gethin alikuwa na miaka tisa.
Alingoja kumi na saba.

Meneja anautaka mpango Ijumaa, kurasa nane,
malengo yanayopimika.
Naandika:
Funguo zikae ndani ya soksi. (Nimeleta ya sufu,
ya kushoto; mwenzake ililiwa na mashine.)
Anayeondoka aage kabla ya kugusa koti,
achukue kifungo atakachopewa na Gethin,
akirudishe siku ya pili, mkononi, si mezani.
Tukiite amana.
Neno “ngoja” lisitamkwe ndani ya nyumba hii.
Akianza kujiuma, msimshike. Kaeni sakafuni, chini kuliko yeye.

Mama angesema: mtoto akililia wembe, mpe.
Mama, huyu halilii wembe.
Wala si mtoto.

Jumanne Tudur alisahau soksi.
Kioo cha jikoni kimebandikwa kadibodi,
na nimeandika hivyo, safu zote tatu,
kwa mara ya kwanza zote tatu.
Tudur alilia chooni. Hilo halina safu.
Jumatano alikuja na soksi mbili,
akakaa sakafuni bila kuambiwa,
na Gethin akampitishia kopo zima achague,
jambo ambalo mimi, na daftari langu, sijawahi kupewa.

Leo kanipa cha kijani, chenye matundu manne,
kimoja kimepasuka.
Kanikunja vidole juu yake, kimoja kimoja.
Nimetoka nikiwa mwepesi, nimepanda basi la Chester,
nimepata siti ya dirishani,
na kioo kimeanza kudondokewa na matone
ndipo nikakumbuka ratiba ukutani:
kesho na keshokutwa sina zamu.
Niliaga. Sikusema siku ngapi.

Gresford imeshapita.
Nabonyeza kengele.